"Mimi nitalipa": Paulo, Filemoni na deni la Onesimo

Katika nyaraka zote za Paulo tulizo nazo, mfupi kuliko zote ni ule aliomwandikia Filemoni kumwombea Onesimo, mtumwa wake: aya 25, maneno kama 335 ya Kigiriki. Hauna fundisho kubwa. Hautaji msalaba wala ufufuo. Mwishoni mwa karne ya 4 Yeronimo, mfasiri wa Biblia kwa Kilatini, alilazimika kuutetea mbele ya watu walioona ni habari ndogo mno, mambo ya nyumbani kwa mtu, yasiyostahili kukaa kwenye Maandiko.

Udogo huo ndio unaoufanya ufae kuchambuliwa. Wakristo wengi hawatapanda jukwaani maisha yao yote. Uzito walio nao kwa wenzao hujulikana kwenye mambo kama haya: deni, kosa, wawili waliokosana, mkubwa anayepaswa kuombwa jambo asilopenda kulisikia. Na hapa tunayo maneno yenyewe ya muumini mmoja akijaribu kumgeuza mwenzake moyo. Tunaweza kuona alianzia wapi, alimbana wapi, na alijifunga kwa lipi.

Kisa kilivyo

Filemoni ni mtu mwenye nafasi yake. Nyumba yake inatosha kanisa kukutanikia, ina mahali pa kulaza mgeni, na ina mtumwa asiyepungua mmoja. Waraka kwa Wakolosai unamwita Onesimo "mtu wa kwenu", na unamtaja Arkipo, ambaye anasalimiwa pia kwenye waraka huu. Ndiyo maana nyumba hii huwekwa Kolosai, mji uliokuwa katika Uturuki ya leo. Paulo yuko kifungoni. Mapokeo yanasema ni Roma, wengine wanasema Efeso, na kwa kisa chetu haibadilishi kitu. Filemoni aliamini kwa kazi ya Paulo. Sasa Onesimo naye, mtumwa wa Filemoni, amefika kwa Paulo na kuamini hukohuko kifungoni.

Alifikaje? Mahubiri mengi yana jibu tayari: aliiba, akatoroka, akakutana na Paulo kwa bahati. Waraka wenyewe hausemi kwamba aliiba, wala hausemi kwamba alitoroka. Unasema "kama amekudhulumu", na kwamba alitengwa na bwana wake kwa muda. Kuna namna nyingine ya kulisoma jambo hili. Mwanasheria wa Kirumi Proculus, aliyeishi karne hiyohiyo, alitoa maoni kwamba mtumwa anayekwenda kwa rafiki wa bwana wake ili aombewe msamaha hahesabiwi kuwa mtoro. Huenda basi kulitokea hasara au ugomvi nyumbani, na Onesimo akamtafuta kwa makusudi mtu ambaye bwana wake asingeweza kumpuuza. Mimi naona hili lina uzito kuliko hadithi ya bahati. Mtu anayekimbia asionekane hamwendei rafiki wa mwenye mali.

Vyovyote ilivyokuwa, mizani haikuwa sawa. Kisheria Onesimo alikuwa mali. Bwana wake aliweza kumchapa, kumpiga chapa ya moto usoni kama akimhesabu mtoro, au kumuuza mbali, na kwa kawaida hapakuwa na baraza la kwenda kulalamikia. Filemoni alikuwa na kila kitu mkononi.

Paulo angeweza kumbakiza Onesimo na kunyamaza. Anakiri kwamba alitamani hivyo, maana alimtumikia vizuri kifungoni. Angeweza kutoa amri, na anasema waziwazi kwamba ujasiri wa kuagiza anao. Angeweza pia kumrudisha na salamu tu pamoja na ahadi ya maombi. Akachukua njia ngumu kuliko zote hizo, akaandika.

Mwungwana aliyeandika barua karibu ileile

Kabla ya kusema imani ilifanya nini hapa, ni haki tuangalie mtu asiye na imani hiyo akiwa mahali palepale. Yupo. Karibu na mwaka 100, mwungwana wa Kirumi Plinius Mdogo alimwandikia rafiki yake Sabinianus kuhusu mtu wake aliyekuwa mtumwa na kupewa uhuru. Mtu huyo alikuwa amemkosea Sabinianus, akamkimbilia Plinius, akamwangukia miguuni, akalia, akaomba, akanyamaza. Plinius anaandika kwa ustadi mkubwa. Anakubali kwamba Sabinianus amekasirika na ana sababu. Lakini upole, anasema, husifiwa zaidi pale ambapo hasira ina haki. Anamtaka auonee huruma ujana wa mtu yule na machozi yake. Amwonee huruma hata yeye mwenyewe, kwa kuwa mtu mpole akikasirika hujitesa. Kisha anaongeza kwamba anaogopa asije akaonekana analazimisha badala ya kuomba.

Sabinianus alikubali. Tunajua, kwa sababu Plinius alimwandikia barua ya pili kumshukuru, akamsihi siku nyingine awe tayari kusamehe hata kama hakuna wa kumwombea mkosaji.

Ni barua nzuri. Nani asingependa rafiki wa namna hiyo? Na ni Plinius huyuhuyu ambaye baadaye, akiwa gavana wa jimbo la Kirumi la Bithinia, aliamuru Wakristo waliokataa kuikana imani yao wauawe, na akawatesa wanawake wawili watumwa waliokuwa na huduma kanisani ili apate ukweli kutoka kwao. Haya aliyaandika mwenyewe katika taarifa yake kwa Kaisari Trajan. Kwa hiyo adabu, maneno laini na moyo wa kupatanisha si mali ya Wakristo. Ukimwona mtu anaomba badala ya kuamuru, hujajua bado kama ni imani au ni malezi mazuri.

Tofauti iko kwingine. Plinius anamweleza Sabinianus kwamba alimkemea mtu yule vikali, akamtisha kwamba hatamwombea tena. Anamnong'oneza rafiki yake kwamba hilo alilisema ili kumtia hofu tu. Huenda yeye Plinius akaomba tena. Yaani wakubwa wawili wanaelewana juu ya kichwa cha mdogo. Mdogo anasamehewa na kurudi chini alikotoka, Sabinianus anasifiwa kwa upole wake, naye Plinius anaondoka na heshima ya mpatanishi. Hakuna aliyetoa kitu mfukoni.

Sasa soma Paulo. Hakuna hata sentensi moja ya kumkemea Onesimo. Hakuna machozi yanayoelezwa, hakuna toba inayoonyeshwa ili Filemoni aridhike. Paulo anamwita "mtoto wangu", kisha anaongeza kwamba ni moyo wake hasa, halafu anaomba jambo ambalo Plinius asingeliota: "mpokee huyu kama mimi mwenyewe". Kwa Sabinianus ombi lilikuwa apunguze adhabu. Filemoni anaombwa amkaribishe mtumwa wake kwa heshima ileile ambayo angempa mtume aliyemleta kwenye imani, ampokee "si kama mtumwa, bali zaidi ya mtumwa, ndugu mpendwa". Ikifanyika hivyo mara moja tu, mbele ya watu wa nyumba nzima, kesho yake huwezi kumchapa mtu huyo kama kwamba hakuna kilichotokea.

Wengi wetu tunafanya ya Plinius na kuyaita ya Kikristo.

Je, hiyo hiari ilikuwa hiari?

Hapa ndipo watetezi wa Paulo huharakisha kupita, na ndipo mimi ningependa tukae. Paulo anasema hakutaka kufanya lolote bila shauri la Filemoni, ili wema wake "usiwe kama kwa lazima, bali kwa hiari". Maneno mazuri. Lakini angalia barua ilivyopangwa.

Aya ya 4 mpaka ya 7 ni sifa. Jina la Onesimo halitajwi mpaka aya ya 10. Barua haikuandikwa kwa Filemoni peke yake. Imeandikwa pia kwa Afia, kwa Arkipo, na kwa kanisa linalokutana nyumbani mwake, kwa hiyo yaelekea ilisomwa wengine wakisikiliza. Aliyewahi kuombwa jambo zito kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, wakati angeweza kuandikiwa faraghani, anajua hiyo maana yake nini. Halafu Paulo anataja uzee wake na minyororo yake. Halafu anasema hamwambii Filemoni kwamba anamdai hata nafsi yake, na kwa kusema hamwambii, amekwisha mwambia. Baada ya kutanguliza kwamba haagizi, anamaliza kwa kuonyesha imani juu ya "kutii kwako". Na mwisho kabisa anaongeza, kana kwamba amekumbuka tu: "uniwekee tayari mahali pa kukaa". Naja kuona.

Nani angesema hapana?

Kwa hiyo tusijifanye. Paulo anambana Filemoni, na anambana kwa ufundi. Anayedai kwamba mvuto wa Mkristo kwa wengine ni mwanga tu usio na msukumo wowote hajausoma waraka huu kwa makini. Swali la maana ni mbano huu ni wa namna gani, na unamwangukia nani.

Unamwangukia mwenye nguvu. Katika kisa hiki kuna mtu mmoja anayeweza kuumiza na mmoja anayeweza kuumizwa, na kila neno la kushinikiza limeelekezwa kwa wa kwanza. Onesimo haambiwi avumilie, hahimizwi ajishushe, hatakiwi kuomba radhi kwa maandishi. Pia kila kitu kiko wazi. Filemoni anajua Paulo anataka nini na kwa sababu gani, anajua nani mwingine ameisikia barua, na anajua Paulo anakusudia kuja. Hila huwa na upande uliofichwa. Hapa sioni uliofichwa.

Na zile sifa? Ni rahisi kudhani Filemoni anavikwa kilemba cha ukoka. Lakini Paulo hamsifu kwa ujumla, hasemi "wewe ni mtu wa Mungu" kama tunavyosema tukitaka kitu. Anataja jambo moja linalojulikana na wote watakaosikia barua ikisomwa: kwamba mioyo ya watakatifu imeburudishwa naye. Aya 13 baadaye analitumia neno lilelile kwa ombi: "uniburudishe moyo wangu". Na katikati amekwisha sema kwamba Onesimo ndiye moyo wake. Maana yake Filemoni haombwi awe mtu mwingine. Anaombwa wema wake uleule wa siku zote umfikie mtu mmoja aliyekuwa anautazama kutokea jikoni. Ukimjua mtu vizuri kiasi cha kumwambia hivyo, huhitaji kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mahali pamoja tu ningekuwa mwandishi wake ningemshika mkono: ile sentensi ya "sikuambii". Inakuja mara tu baada ya ahadi ya kulipa, na inaidhoofisha. Huwezi kumwambia mtu "nitakulipa" kisha papo hapo ukamkumbusha kwamba anadaiwa na wewe uhai wake; atakudai kwa uso gani? Watu wa Mungu nao huteleza kwenye jambo hili, tena mara nyingi. Mlezi wa kiroho humsaidia kijana, na miaka kumi baadaye bado anautaja msaada huo kila anapotaka kitu. Paulo aliifanya mara moja, kwa sentensi moja, kwa faida ya mtu mwingine. Hilo linapunguza kosa lakini haliliondoi.

Hati ya deni

Kiini cha waraka, kwangu, ni aya ya 18 na 19. Paulo alizoea kumsomea mwandishi naye akaandika. Waraka kwa Warumi unamtaja mwandishi huyo kwa jina, Tertio, ambaye anatia salamu zake mwenyewe. Hapa Paulo anaichukua kalamu: "Mimi Paulo nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, mimi nitalipa." Hiyo ni lugha ya hati ya deni. Hasara yoyote ya Filemoni, fedha iliyopotea, siku za kazi zilizokosekana, inahamishwa kutoka jina la Onesimo hadi jina la Paulo, kwa mwandiko ambao Filemoni anaufahamu. Mfungwa angelipa kwa nini? Hatuambiwi. Lakini tangu hapo deni lina mwenyewe mpya, na Filemoni akitaka kudai atamdai Paulo.

Hapa ndipo imani inapoonekana, na inaonekana bila kutajwa. Nilisema mwanzoni waraka hautaji msalaba. Paulo angeweza kuandika, "kama Kristo alivyolipa deni lako, nawe msamehe Onesimo lake." Ni mahubiri yaliyo tayari, na wahubiri wameyahubiri tangu hapo; Martin Luther aliona wazi kwamba Paulo anamfanyia Onesimo kile ambacho Kristo alitufanyia sisi mbele ya Baba. Paulo hakuyahubiri. Aliyefundishwa injili na Paulo mwenyewe hakuhitaji kuelezwa anachokiona mtu anapojitwika deni la mwingine kwa mkono wake. Angeelezwa, angeweza kulichukua kuwa somo la kidini na kulijibu kwa "amina". Alipewa hati, na hati hujibiwa kwa kukubali au kukataa.

Lete jambo hili ofisini. Keshia kijana amekutwa na upungufu kwenye hesabu. Hakuiba, alimkopesha mwenzake akitegemea arudishiwe kabla ya mwisho wa mwezi. Bosi anataka kumfukuza leo. Wafanyakazi watatu wanaosali wanamwendea bosi kwa nyakati tofauti. Wa kwanza anamkumbusha kwamba Biblia inafundisha kusamehe. Wa pili anamwambia, "Tunaliombea hili jambo, mzee." Wa tatu anaingia, anafunga mlango, anasema: "Ule upungufu ukatwe kwenye mshahara wangu miezi mitatu. Kijana namfahamu. Akirudia, nifuate mimi." Wote watatu wanaweza kuwa na imani ya kweli. Ila bosi, hata kama hajui mstari mmoja wa Biblia, atajua ni yupi kati yao aliyesema jambo. Na keshia naye, ambaye pengine hajaingia kanisani miaka mingi, hatalisahau.

Sisemi kila muumini alipe deni la kila mtu. Paulo mwenyewe hakulipa madeni ya Kolosai nzima. Alimdhamini mtu mmoja anayemjua, kwa jambo moja, kwa mtu mmoja aliyekuwa na sababu ya kumsikiliza.

Waraka uleule mdomoni mwa mtu mwingine

Mwaka 1833, kule Liberty County katika jimbo la Georgia, Marekani, mchungaji Charles Colcock Jones aliwahubiria watumwa kutoka waraka huu. Jones alikuwa Mkristo mwenye bidii, aliyetoa miaka mingi ya maisha yake kuwafundisha watumwa dini. Alikuwa pia na mashamba na watumwa wake mwenyewe. Siku hiyo alikazia uaminifu na utii wa watumishi, na kwa mamlaka ya Paulo akalaani kutoroka.

Aliandika mwenyewe yaliyofuata. Nusu ya wasikilizaji waliinuka wakaondoka. Waliobaki hawakuonekana kuridhika, si na mhubiri wala na fundisho lake. Baada ya ibada wengine walisema hakuna waraka wa namna hiyo kwenye Biblia, wengine kwamba hiyo si Injili, wengine kwamba anahubiri ili kuwapendeza mabwana.

Kwa hesabu ya kitaaluma walikosea kuhusu waraka kuwepo. Kwa mengine yote walikuwa wasomaji wazuri kuliko mchungaji wao. Paulo alimwandikia mwenye mtumwa. Jones alimhubiria mtumwa. Barua ile ilimpunguzia mwenye nguvu haki zake, mahubiri yale yakamwongezea. Na mhubiri hakuwa na hasara yoyote ya kuandika juu yake mwenyewe, bali alikuwa upande unaofaidika watu wakimtii. Imani ilikuwepo, maandiko yalikuwepo, hata nia njema, kwa kiasi ambacho mtu wa mazingira yale angeweza kuwa nayo. Kilichokosekana ni gharama kwa msemaji, na watu waliokaa kwenye viti wakaliona mara moja bila kusomea theolojia.

Ndiyo maana nikiulizwa jinsi ya kujua kama uzito wa Mkristo fulani kwa wenzake unatoka kwenye imani au kwenye cheo chake, sitazami ukali au upole wa sauti yake. Natazama ushauri wake unamgharimu nani.

Hatari aliibeba nani?

Lakini kipimo hicho kinamrudia Paulo mwenyewe. Gharama ya fedha aliibeba yeye. Gharama ya mwili, je? Aliyetembea kurudi mpaka mlangoni kwa Filemoni ni Onesimo. Tikiko, mjumbe wa Paulo, alikuwa naye safarini, tukifuata waraka kwa Wakolosai, kwa hiyo hakuwa peke yake. Bado, kama Filemoni angeisoma barua na kuikunja, mgongo ambao ungepigwa si wa Paulo.

Na Paulo aliijua Torati. Kumbukumbu la Torati 23:15 inakataza kumrudisha kwa bwana wake mtumwa aliyekimbilia kwako. Sijaona maelezo yanayoniridhisha kabisa. Kama Onesimo alikuja kutafuta mpatanishi, basi kurudi kulikuwa sehemu ya alichokitaka mwenyewe, na kukaa mbali kungemwacha kweli mtoro maisha yake yote. Hilo linasaidia. Lakini waraka hautuambii Onesimo alisema nini, na katika barua nzima inayomhusu hatusikii sauti yake hata mara moja. Hilo ni pengo.

Nalikazia kwa sababu kisa hiki kinatumika vibaya mpaka leo. Mke anayepigwa anafika kwa wazee wa kanisa, nao wanamrudisha nyumbani na maombi, wakisema Paulo naye alimrudisha Onesimo. Hapana. Paulo hakumwambia Onesimo arudi akavumilie. Alimwandikia mwenye fimbo, mbele ya mashahidi, akamwambia mtu huyu sasa ni ndugu yako, akajiandika kuwa mdhamini, na akatangaza kwamba anakuja kulala hapohapo nyumbani. Kile chumba cha mgeni, nilichokihesabu juu kama mbano, kwa upande wa Onesimo kilikuwa ulinzi. Wazee wasioweza kumkabili mume, wasiokuwa tayari kuweka mashahidi wala kwenda kulala pale usiku, hawana haki ya kuutaja waraka huu. Na hata wakiwa tayari kwa yote hayo, anayerudi lazima awe ametaka mwenyewe kurudi, jambo ambalo kwa Onesimo tunaweza kulikisia tu.

Kilichotokea

Jibu la Filemoni hatunalo. Tuna ishara. Barua ilihifadhiwa na kunakiliwa. Mtu aliyeudhika nayo angeitupa, na isingetufikia. Waraka kwa Wakolosai, ambao huenda ulisafiri pamoja na barua hii na hivyo hauthibitishi jibu lake, unamwita Onesimo "ndugu mwaminifu, mpendwa", akija nyumbani na Tikiko kueleza habari za Paulo, yaani yeye ni mmoja wa wasemaji. Mwanzoni mwa karne ya 2 Ignasi wa Antiokia, akipelekwa Roma kuuawa, aliwaandikia Waefeso na kumtaja askofu wao, jina lake Onesimo. Wengi wangependa awe huyuhuyu. Jina lilikuwa la kawaida kwa watumwa, na miaka mingi imepita katikati, kwa hiyo nisingejenga juu yake.

Swali lililobaki ni lile la aya ya 21, ambapo Paulo anasema anajua Filemoni atafanya "zaidi ya hayo nisemayo". Zaidi ya kumpokea kama ndugu na kufuta deni kuna nini? Wengine wameona ni uhuru. Wengine wanaona Paulo alitaka tu Onesimo arudishwe kwake kumtumikia. Mimi nasoma uhuru, na sababu yangu ni aya ya 16. Udugu anaouomba ni "katika mwili na katika Bwana". Angetaka undugu wa ibadani tu, "katika Bwana" ingetosha. Aliongeza mwili, yaani maisha ya kawaida ya nyumbani, mezani, kazini, na kumwachia Filemoni ahesabu mwenyewe ndugu yako wa kimwili unaweza kuendelea kummiliki vipi. Kwamba hakulisema kwa jina lake, wengine wanaliona ni woga. Paulo aliyaruhusu mabaya yaliyofuata kwa kutolisema, na Liberty County ni sehemu ya bei ya ukimya huo. Lakini mbele ya Filemoni mmoja, siku ile, sidhani kama aliyeisoma barua mpaka mwisho alibaki na shaka anachotakiwa kufanya.